Cromwell alias Williams: Jina, Nasaba na Ushahidi katika Ukoo Mmoja wa Uingereza

Utangulizi

Yeyote aliyesoma historia ya Uingereza amekutana na watu wawili mashuhuri wenye jina la Cromwell. Wa kwanza ni Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry VIII, ambaye alisimamia kuvunjwa kwa nyumba za watawa, kisha yeye mwenyewe akakatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540. Wa pili ni Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mmoja wa waliotia sahihi hati ya kumwua Mfalme Charles I, na mtawala wa nchi kwa cheo cha Mlinzi wa Dola tangu Desemba 1653 hadi alipofariki tarehe 3 Septemba 1658. Msomaji akiona majina hayo hudhani mara moja kwamba huyu wa pili ni wa uzao wa yule wa kwanza. Dhana hiyo si kweli. Kwa mstari wa baba, Oliver hakuwa Cromwell hata kidogo. Alikuwa Williams, na kabla ya Williams ukoo wake haukuwa na jina la kudumu, kwa kuwa ulitoka Wales, ambako watu walitajwa kwa majina ya baba zao, kama tusemavyo sisi Ali bin Omari.

Huenda msomaji akauliza ukoo wa Waingereza una haja gani katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu letu ni kwamba sisi tulio watafiti wa lugha na historia ya huku kwetu tumezoea kuona nasaba zetu zikipimwa kwa mizani isiyotumiwa kupimia za wengine. Nasaba inayosimuliwa kwa mdomo mjini Lamu au Kilwa huambiwa ni ngano. Nasaba ya Ulaya, kwa kuwa imeandikwa, huchukuliwa kuwa ni kweli tupu. Makala haya yanakusudia kuufuata ukoo mmoja wa Uingereza, hatua kwa hatua na hati kwa hati, ili kuonyesha kwamba huko nako jina la ukoo lilikuwa jambo la kuchaguliwa, la kuazimwa, la kufichwa na hata la kukataliwa. Hoja yetu ni nyepesi kuitamka, ingawa si nyepesi kuifuata katika utafiti: jina la ukoo si ushahidi wa damu. Jina ni dai, na dai lahitaji kuthibitishwa.

Majina ya Waingereza na majina ya watu wa Wales

Waingereza wenyewe hawakuwa na majina ya ukoo tangu zamani. Kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipoiteka nchi, mtu alijulikana kwa jina lake moja, na pengine kwa lakabu iliyokufa pamoja naye. Baada ya hapo makabaila wakaanza kurithishana majina ya mashamba na ngome zao, na desturi hiyo ikashuka polepole kwa wafanyi biashara, mafundi na wakulima. Kufikia karibu mwaka 1400 Waingereza walio wengi walikuwa na majina ya kurithi. Mwanachuoni William Camden, ambaye mwaka 1605 alichapisha kitabu kiitwacho Remaines, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyachunguza majina hayo kwa utaratibu wa kitaalamu. Wataalamu waliomfuata wamezoea kuyagawa mafungu manne: yatokanayo na mahali, kama Hill, yatokanayo na kazi, kama Smith, yaani mhunzi, yatokanayo na jina la baba, kama Johnson, na yatokanayo na lakabu, kama Long, yaani mrefu.

Wales ilikuwa na mwendo mwingine. Huko mtu alitajwa kwa jina lake, kisha likafuata neno ap, kisha jina la baba yake. Neno hilo lina asili moja na mab, yaani mwana, na mbele ya irabu huwa ab. Mwanamke alitajwa kwa neno ferch, lenye maana ya binti. Basi Morgan ap William ap Ieuan ni sawasawa na kusema Morgan bin William bin Ieuan, na msururu huo uliweza kurefushwa vizazi saba au zaidi pale ilipohitajika kuthibitisha haki ya ardhi. Kwa mpango huo jina la pili la mtu hubadilika katika kila kizazi. Hakuna jina la ukoo, kuna nasaba.

Katika karne ya 16 mipango hiyo miwili iligongana. Sheria za mwaka 1536 na 1543 ziliiunganisha Wales na Uingereza, na Kiingereza kikafanywa lugha ya mahakama zake. Makarani wa Kiingereza walitaka jina moja lisilobadilika. Yaliyotokea ni mambo ya kumpendeza mtaalamu wa fonolojia. Mara nyingi konsonanti ya ap au ab ilishikamana na jina la baba: ap Rhys likawa Price, ap Howell likawa Powell, ap Richard likawa Pritchard, ab Owen likawa Bowen, ab Evan likawa Bevan. Ni kana kwamba kwetu bin Ali angegeuka kuwa Bwana Nali, na wajukuu wake wote wakabaki na jina hilo. Mara nyingine neno ap liliangushwa, ikatiwa s ya Kiingereza mwishoni mwa jina la baba. Kwa njia hiyo Morgan ap William akawa Morgan Williams.

Kwamba jambo hili halikuwa na kanuni moja kwaonekana katika ukoo wa kifalme wenyewe. Babu yake Mfalme Henry VII aliitwa Owain ap Maredudd ap Tudur. Kama makarani wangalilishika jina la baba yake, Uingereza ingalitawaliwa tangu 1485 hadi 1603 na ukoo wa Meredith. Walilishika jina la babu, nao ukawa ukoo wa Tudor. Historia yote ya karne ile imepewa jina kwa bahati ya namna hiyo.

Asili ya jina la Cromwell

Cromwell ni jina la mahali. Kipo kijiji cha jina hilo katika wilaya ya Nottinghamshire, kando ya mto Trent, nacho kimetajwa katika kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086, yaani Domesday Book. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha Kale: crumb, yaani iliyopinda, na wella, yaani chemchemi au kijito. Tukilifasiri kwa Kiswahili tungesema Kijito-Kombo.

Hapa tahajia yaweza kutupotosha. Thomas Cromwell mwenyewe alizoea kuandika Crumwell, na matamshi ya karne ya 17 yalikuwa karibu na Kramel. Katika mwandiko wa zama za kati herufi u ikikaa karibu na m au n ilileta utata, maana zote zilikuwa vijistari vilivyosimama. Ndipo waandishi walipoweka o mahali pa u. Hiyo ndiyo sababu ya o katika maneno ya Kiingereza kama son na monk, ambayo hayatamkwi kwa o. Inasimuliwa kwamba wafuasi wa mfalme walipokunywa pombe wakati wa utawala wa Oliver walikuwa wakimeza chembe ya mkate huku wakiomba ishuke salama, kwa kuwa neno la chembe ya mkate kwa Kiingereza, crumb, lilifanana na mwanzo wa jina la adui yao. Mzaha huo ni ushahidi wa matamshi kuliko tahajia yoyote.

Palikuwa na makabaila wa kale waliolichukua jina la kijiji hicho. Mashuhuri wao ni Ralph, Lord Cromwell, aliyekuwa Mweka Hazina wa Mfalme Henry VI, akajenga ngome ya matofali huko Tattershall, akafariki mwaka 1456 bila ya kuacha mwana. Watu wa Thomas Cromwell hawakuwa makabaila. Baba yake, Walter, aliishi Putney, karibu na London, akifanya kazi za uhunzi, upikaji wa pombe na usafishaji wa vitambaa vya sufu. Kumbukumbu za baraza la umwinyi la Wimbledon zamtaja mara nyingi akitozwa faini kwa kukiuka kanuni za uuzaji wa pombe. Tena zamtaja kwa majina mawili: Walter Cromwell alias Smyth. Yaani hata huko chanzoni, kabla ya Wawelsh kuingia, jina la mahali na jina la kazi yalikuwa yakishindania mtu mmoja.

Thomas alipopanda cheo walijitokeza watu wa kujipendekeza, wakitaka kumwunganisha na wale makabaila wa kale. Inasimuliwa kwamba alikataa, akisema hapendi kuvaa koti la mtu mwingine, asije mwenyewe akamvua mbele za watu. Ikiwa aliyasema au alisingiziwa, maneno hayo yanakubaliana na wahenga wetu waliosema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mpwa wake hakuwa na hofu hiyo.

Mjomba na mpwa

Dada yake Thomas, Katherine Cromwell, aliolewa na Morgan Williams, mtu wa ukoo uliotoka Glamorgan, kusini ya Wales, aliyekuja kukaa Putney. Wakamzaa Richard. Msafiri na mwanachuoni John Leland, aliyeizunguka nchi katika miaka ya 1530 na 1540, aliandika kwamba Richard William alias Cromwell alizaliwa katika parokia ya Llanishen, karibu na Cardiff. Hata ikiwa Leland alikosea mahali pa kuzaliwa, ushahidi wake una uzito, kwa sababu aliandika wakati Richard yu hai, wala hakuwa na faida ya kumwunganisha na Wales.

Mtafiti wa nasaba hutafuta mahali ambapo jina linageuka. Kwa ukoo huu tunaweza kupabana mahali hapo katikati ya tarehe mbili. Mwezi wa Julai 1529 Thomas Cromwell aliandika wosia, na humo akamwachia fedha mpwa wake Richard Williams, aliyekuwa akimtumikia Marquess wa Dorset. Mwezi wa Oktoba 1536, maasi yalipozuka Lincolnshire, Richard alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuyazima, na barua alizompelekea mjomba wake amezitia sahihi kwa jina la Cromwell. Basi jina liligeuka ndani ya miaka saba hiyo. Haikuhitajika ruhusa ya mfalme wala ya mahakama, maana sheria ya Uingereza ilimruhusu mtu kutumia jina alitakalo, mradi asikusudie udanganyifu.

Kiingereza kinatutatiza hapa, na Kiswahili kinatusaidia. Neno nephew halimbainishi mtoto wa dada na mtoto wa kaka, na katika karne ile liliweza kutumiwa hata kwa jamaa wa mbali zaidi. Kwa sababu hiyo wako wasomaji waliomdhania Richard kuwa mtoto wa ndugu mume wa Thomas, na kwa hiyo Cromwell wa kuzaliwa. Kiswahili cha kale hakingaliacha nafasi ya kosa hilo. Tukisema Thomas ni mjomba na Richard ni mpwa, tumekwisha kusema kwamba kiungo baina yao ni mwanamke, na kwamba jina lililopita kwenye kiungo hicho halikupita kwa njia ya kawaida. Richard alichukua jina la ujombani.

Kwa nini alilichukua? Mark Noble, kasisi aliyechapisha historia ya ukoo huu mwaka 1784, alieleza kwamba Mfalme Henry VIII aliwahimiza Wawelsh wafuate desturi ya Kiingereza ya majina ya kudumu. Huenda ikawa hivyo. Lakini maelezo hayo hayatoshelezi, kwa kuwa Williams lilikuwa tayari ni jina la mtindo wa Kiingereza, na Richard angaliweza kubaki nalo. Sababu iliyo karibu zaidi ni manufaa. Katika miaka ya 1530 hapakuwa na mtu aliyegawa mali na vyeo zaidi ya Thomas Cromwell. Mwaka 1538 Richard alipewa nyumba ya watawa wanawake ya Hinchingbrooke, karibu na mji wa Huntingdon. Kisha akapewa monasteri kubwa ya Ramsey, ambayo watawa wake walikuwa wameisalimisha mwaka 1539. Siku za mashindano ya mikuki ya Mei 1540 mfalme alimpa cheo cha Sir. Jina la mjomba lilikuwa ufunguo, nao ulifungua milango mingi.

Jambo la kustaajabisha lilitokea miezi michache baadaye. Mwezi wa Julai 1540 mjomba aliuawa kwa kosa la uhaini. Mtu angetazamia kwamba Richard angelikimbia jina hilo kama mtu akimbiavyo nyumba inayoungua. Hakulikimbia. Alibaki Sir Richard Cromwell mpaka alipofariki mwaka 1544, na mali yake ikabaki kwa wanawe. Lakini pia hakulitupa jina la baba yake.

Neno alias na kazi yake

Hati za ukoo huu, kwa zaidi ya karne moja, zawataja wenyewe kuwa Cromwell alias Williams. Alias ni neno la Kilatini lenye maana ya kwa jina jingine. Sisi tungesema almaarufu. Siku hizi neno hilo lanuka polisi na mahakama, lakini katika karne ya 16 halikuwa na aibu yoyote. Lilitumiwa na mtu aliyejulikana kwa jina moja sokoni na jingine katika hati, na mtoto aliyerithi mali kutoka upande wa mama.

Katika maoni yetu, ukoo huu ulilihifadhi neno hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: mwenye ardhi aliyebadili jina alihitaji kuonyesha kwamba mpewaji wa hati ya kale na mrithi wa leo ni wa nyumba moja, na majina mawili yakikaa pamoja huondoa shaka. Ya pili ni ya heshima. Nasaba ya Wales aliyoichapisha Noble yawarudisha hadi kwa Glothian, anayesemekana kuwa bwana wa Powys. Cromwell lilikuwa jina la mhunzi wa Putney lililong'arishwa na waziri aliyekatwa kichwa. Williams lilikuwa mlango wa kuingilia kwa watawala wa kale. Nasaba hiyo ya kwa Glothian haiwezi kuthibitishwa katika ngazi zake za juu, lakini yatuonyesha wenyewe walipenda kujionaje. Mwacha asili ni mtumwa, na hawa hawakutaka kuonekana wameiacha.

Basi tuuandike msururu ulio thabiti, kwa mtindo ambao babu zao wangaliutambua: Oliver bin Robert bin Henry bin Richard bin Morgan bin William. Henry, mwana wa Richard, alikuwa tajiri hata akaitwa kwa lakabu ya Sir wa Dhahabu, na mwaka 1564 alimkaribisha Malkia Elizabeth I huko Hinchingbrooke. Mwanawe wa kwanza, Sir Oliver, alimkaribisha Mfalme James I mwaka 1603, lakini ukarimu uliifilisi nyumba, nayo Hinchingbrooke ikauzwa mwaka 1627. Robert, mdogo wake Sir Oliver, alipata urithi wa wastani mjini Huntingdon. Huyo ndiye baba wa Oliver. Kwa hiyo Oliver ni kitukuu wa Richard na kilembwe wa Katherine, na damu ya akina Cromwell aliyokuwa nayo ni ya mwanamke huyo peke yake. Uzao wa Thomas Cromwell mwenyewe ulipita kwa mwanawe Gregory, ukawa ukoo mwingine kabisa wa makabaila. Anayefuata jina tu atachanganya koo hizi mbili. Anayefuata hati hawezi.

Madaftari ya parokia na mitego yake

Kuna jambo moja ambalo kila mtafiti wa nasaba za Uingereza hana budi kulitaja. Mwezi wa Septemba 1538 Thomas Cromwell, kwa mamlaka ya mfalme, aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Madaftari mengi ya kwanza yamepotea, na mengi yaliyosalia yaanzia mwaka 1558, lakini bila ya agizo lile nasaba za wakulima na mafundi wa nchi ile zingalizama. Mtu yule yule aliyemwazima mpwa wake jina ndiye aliyewapa watafiti chombo cha kuuchunguza uazimaji huo.

Katika daftari la kanisa la St John mjini Huntingdon imeandikwa kwamba Oliver, mwana wa Robert, alibatizwa tarehe 29 Aprili 1599, siku nne baada ya kuzaliwa. Pembeni mkono mwingine uliongeza baadaye maneno ya kumwita balaa la Uingereza, na maneno hayo yakapigwa mstari. Ukurasa mmoja wabeba ushahidi, chuki na utetezi. Mwanafunzi anayedhani kwamba maandishi hayana upande na auangalie ukurasa huo.

Mitego mingine ni ya hesabu na ya utawala. Hadi mwaka 1752 mwaka mpya wa kiserikali Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Charles I aliuawa tarehe 30 Januari 1649 kwa hesabu yetu, lakini hati za siku ile zasema 1648. Asiyejua hilo ataweza kumzalisha mtoto kabla ya ndoa ya wazazi wake, au kumzika mtu kabla hajaandika wosia. Tena mwezi wa Agosti 1653 Bunge liliwanyang'anya makasisi kazi ya kuandika madaftari, likawapa watu waliochaguliwa na parokia, na ndoa zikafungwa mbele ya mahakimu. Katika parokia nyingi miaka ile ina mapengo. Basi nasaba nyingi za Uingereza hukatika palepale Oliver aliposhika madaraka.

Upande wa mama: ukoo wa Steward

Mama yake Oliver, Elizabeth, alikuwa wa ukoo wa Steward wa Ely. Hapa jina lilizaa ngano iliyodumu zaidi ya karne mbili. Wafalme wa Scotland, na baadaye wa Uingereza, waliitwa Stuart, na matamshi ya majina hayo yanakaribiana sana. Ikasemwa kwamba akina Steward wa Ely walitokana na jamaa wa kifalme wa Scotland aliyefuatana na mwana wa mfalme aliyetekwa baharini mwaka 1406, na kwamba kwa hiyo Oliver alimwua ndugu yake wa mbali. Kisa kilikuwa kitamu mno kuachwa. Hata Thomas Carlyle, aliyechapisha barua na hotuba za Oliver mwaka 1845, akamkejeli Noble kwa makosa yake, hakuachana nacho.

Mwaka 1885 Walter Rye, mtafiti wa mambo ya Norfolk, aliichunguza nasaba hiyo, akaonyesha kwamba ilikuwa imetungwa. Akina Steward walikuwa watu wa Norfolk tangu zamani, na jina lao liliandikwa Styward. Isimu ingaliweza kutoa onyo mapema. Jina hili latokana na Kiingereza cha Kale stiweard, yaani mtunza nyumba, msimamizi wa mambo ya bwana. Wafalme wa Scotland walilipata kwa sababu wazee wao walirithishana cheo cha usimamizi wa nyumba ya mfalme huko. Watu wa Norfolk walilipata kwa kazi kama hiyo katika nyumba ndogo zaidi. Kila penye bwana pana msimamizi, kama kila penye mji pana fundi. Watu wawili waitwao Fundi hawawi ndugu kwa sababu hiyo, na Steward na Stuart hawakuwa ndugu kwa sababu hiyo.

Jina linapokuwa mzigo

Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa. Tarehe 30 Januari 1661 maiti ya Oliver ilifukuliwa ikatundikwa huko Tyburn. Nchini Ireland, kwa sababu ya mauaji ya Drogheda na Wexford ya mwaka 1649 na unyang'anyi wa ardhi uliofuata, jina la Cromwell lilikuwa limekwisha kuwa laana, na laana hiyo haijafutika.

Ndipo faida ya tatu ya neno alias ilipojulikana, faida ambayo Richard hakuitazamia. Henry Cromwell wa Ramsey, mjukuu wa Sir Oliver na mtu aliyekuwa tayari kuutumikia ufalme, aliliacha jina la Cromwell akarudia Williams. Hakuhitaji kubuni jina. Lilikuwa limewekwa akiba kwa miaka mia moja na ishirini na zaidi. Richard, mwana wa Oliver, aliyeshika cheo cha Mlinzi kwa miezi michache baada ya baba yake, hakuwa na bahati hiyo. Alikimbilia ng'ambo akajiita John Clarke, jina lisilokuwa na nasaba yoyote nyuma yake, na aliporudi aliishi kimya mpaka alipofariki huko Cheshunt mwaka 1712.

Mtu wa mwisho wa uzao wa kiume wa Mlinzi aliitwa Oliver pia. Alifariki huko Cheshunt mwaka 1821. Inasimuliwa kwamba aliomba jina la Cromwell lipewe mume wa binti yake ili lisipotee, na kwamba mfalme alikataa. Uzao uliendelea kwa binti huyo, jina halikuendelea. Karibu miaka mia tatu kabla yake jina lilikuwa limeingia katika ukoo kwa njia ya mwanamke, Katherine. Sasa liliachwa mlangoni pa mwanamke mwingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukoo huu ulibadili jina mara mbili katika vizazi viwili: kutoka ap William hadi Williams, na kutoka Williams hadi Cromwell. Tumeona nasaba mbili za kujikweza, ya Glothian na ya Stuart, zilizoandikwa kwa wino mzuri na kuaminiwa na wasomi, ambazo hazikuwa na msingi wa kutosha. Tumeona pia kwamba kilichotuokoa si jina bali ni hati zilizoyaweka majina mawili mahali pamoja, na tarehe ambazo zaweza kulinganishwa.

Historia ya Kilwa huanza na mwana wa mfalme aliyetoka Shirazi, na koo nyingi za pwani zimejinasibisha na mji huo. Wanahistoria wa leo wamejifunza kuyasoma masimulizi hayo kama madai ya heshima na haki, si kama orodha ya abiria wa jahazi. Usomaji huo ni wa haki, mradi tuutumie kwa wote. Glothian wa Powys na mfalme wa Shirazi wamekalia kiti kimoja: wote wawili huwekwa juu ya msururu ili walio chini waonekane wamesimama mahali pa juu. Mtafiti asiwacheke wala asiwaamini. Awaulize walihitajiwa na nani, na wakati gani.

Tena tusisahau kwamba lugha zetu zina vyombo ambavyo Kiingereza hakina. Neno mjomba limetufungulia katika sentensi moja fundo ambalo wasomaji wa neno nephew walilivuta huku na huku. Wanafunzi wetu wanaokusanya nasaba vijijini hujaza karatasi zenye nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo, karatasi zilizobuniwa kwa mpango wa watu wengine, na humo bin hukatwa, binti husahauliwa, na mjomba huandikwa kama baba mdogo. Makarani wa karne ya 16 waliwafanyia Wawelsh jambo hilo hilo, na ikawalazimu watafiti kazi kubwa kurudisha kilichokatwa. Nasaba na iandikwe kama ilivyotamkwa na mwenyewe, kwa maneno yake yote ya udugu, kabla haijatiwa katika safu za karatasi.